Aliyekuwa Chini ya Gati

"Mama, Babu kanibusu kidole."

Ndivyo mwanangu Britta alivyoniambia asubuhi ile. Anakula uji wake wa shayiri, miguu inaning'inia kitini, wala hana wasiwasi.

Nikacheka. "Babu yupi, mama?"

"Babu Orville. Anakaa chini ya gati. Nikitia miguu majini anakuja kunibusu."

Kijiko kikanitoka mkononi.

Babu Orville ni baba mkwe wangu. Alifariki kiangazi cha mwaka juzi. Majivu yake tuliyamwaga wenyewe kwenye ziwa hilohilo, mimi nikiwa nimemshika mama mkwe kiunoni asije akapinduka na mashua.

Nikamgeukia mama mkwe, Mama Verna, aliyekuwa jikoni anakaanga soseji. Nilitegemea ashtuke kama mimi.

Hakugeuka. Akapunguza moto tu.

"Watoto," akasema. "Wana maneno."

Basi mimi huyo, wiki nzima sikutulia.

Ngoja nianze vizuri.

Kila mwaka mwezi wa saba, kiwanda cha karatasi anakofanya kazi mume wangu hufungwa kwa matengenezo. Tunapakia pikapu tunapanda kaskazini, huko huko Wisconsin yetu, Marekani, kwenye nyumba ya mbao ya familia iliyo ukingoni mwa ziwa. Tunakuwa sisi watatu, mama mkwe, na shemeji yangu Duane, mdogo wake mume wangu, ambaye hajaoa na mdomo wake haujawahi kupata likizo.

Kwetu sisi wiki hiyo si starehe tu. Ansel wangu anafanya kazi usiku. Akirudi, mimi natoka. Akiamka, mimi naelekea darasa la jioni kumalizia masomo ya uuguzi. Tunapishana mlangoni kama majirani. Britta akiambiwa amchore baba yake, anamchora amelala.

Kwa hiyo mwaka huu, kabla hatujaondoka, Ansel alinishika mikono yote miwili.

"Mama Britta, mwaka huu simgusi yule samaki. Wiki nzima ni ya mtoto. Atarudi nyumbani anaogelea."

Yule samaki.

Jina lake ni maski. Mrefu kama mtoto wa shule, mdomo kama wa mamba, na anavulika kwa nadra mpaka mtu anaweza kurusha chambo kiangazi kizima asiguswe hata mara moja. Na hapo ndipo ugonjwa unapoingia. Hilo jina ukilimalizia kidogo tu linakuwa maskini, na ndivyo wanavyobaki wake za wanaomwinda. Maskini wa waume.

Baba mkwe alimwinda maisha yake yote. Kila wiki ya ziwani, tangu Ansel mdogo, mzee alikuwa mashuani alfajiri mpaka giza. Hakumpata hata mmoja.

Siku moja Ansel aliniambia kitu sijakisahau: "Baba ninayemkumbuka mimi ni mgongo. Mgongo umekaa kwenye mashua, unakwenda mbali."

Ndiyo maana mzee alipofariki, Mama Verna akaweka sheria. Jina la yule samaki halitajwi kwenye nyumba ile. Atakayelitaja ataosha vyombo kutwa nzima.

Duane ndiye alikuwa mwosha vyombo wetu.

"Kaka," anamwambia Ansel, mikono imejaa povu, "nasikia kule kwenye nyasi za upande wa pili kuna maski..."

"Sahani za jioni pia!" mama mkwe anapaza sauti kutoka sebuleni.

"Mama, una masikio ya popo! Haya kaka, umewekwa mfukoni na mkeo, sawa, lakini hata dirishani huchungulii?"

Ansel anacheka. Ila macho yake, jamani, macho yake yako ziwani. Mguu unatikisika chini ya meza. Mtu anacheza karata huku kidole gumba kinazungusha kigurudumu cha mshipi ambacho hakipo.

Mimi naona. Nanyamaza.

Sasa turudi kwa Babu.

Baada ya uji nilimchukua Britta mpaka gatini. "Haya, nionyeshe huyo Babu."

Akakaa kwenye ubao wa mwisho, akatumbukiza miguu. Kucha zake nilikuwa nimempaka rangi nyekundu, maana aliniomba siku ya safari. Akaanza kupiga miguu polepole, anaimba chinichini.

Nikalala kifudifudi, nikachungulia kati ya mbao.

Kulikuwa na gogo.

Limelala kivulini, kijani lenye mabaka, limetulia tuli. Nikasema ah, gogo la watu hili. Nikataka kuinuka.

Gogo likageuza jicho.

Aisee.

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini. Nilimnyakua mwanangu kwapani, nikarudi nyuma mpaka majanini.

"Umemwona?" Britta ananiuliza, uso umechangamka. "Mkubwa eeh?"

"Mkubwa," nikasema. "Twende tukachume stroberi."

Sasa niwekeni nyinyi mahali pangu.

Nikimwambia Ansel kwamba maski mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaota baba yake amelala chini ya gati letu, nimempoteza mume wiki nzima. Namjua. Ahadi itayeyuka kama barafu kwenye glasi. Na mwanangu atabaki na mgongo, kama baba yake alivyobaki na mgongo.

Nisipomwambia, mtoto wangu anaogeleshwa mahali palipo na meno.

Nikachagua njia ya katikati, ambayo kumbe siyo njia. Nikapiga marufuku gati.

Siku ya kwanza nikasema upepo. Siku ya pili nikasema mtoto ana mafua. Ansel amevaa kaptura yake ya kuogelea, taulo begani, ananitazama.

"Mama Britta, mafua ya wapi? Huyu anacheka, anakimbia."

"Mimi ndiye mama yake. Nimesikia kifua."

"Basi nifanye nini mimi? Wiki inaisha. Nikae hapa nihesabu mbu?"

Akatupa taulo. Akaenda kuzunguka nyumba. Akarudi. Akazunguka tena. Mtu hana pa kuweka mwili wake, na mimi vilevile. Naosha vikombe visafi. Nachungulia dirishani kila dakika kuona kama mtoto yuko kwenye mchanga. Nikikaa nasimama, nikisimama nataka kukaa.

Mchana huo Duane alikwenda kutafuta tochi kwenye pikapu yetu. Akarudi anacheka mpaka anajishika mbavu. Mkononi ana sanduku refu la vyambo, vile vikubwa kama viatu, vyenye ndoana za pembe tatu. Na ufito wa kuvulia wa baba mkwe umetolewa nyuma ya kiti.

"Shemeji!" akaniita. "Njoo uone mtakatifu wako!"

Ansel akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Nimekuja navyo tu," akasema. "Kama mtu anavyobeba mwavuli."

"Mwavuli?" nikamwambia. "Mvua umeiona wapi?"

"Asubuhi moja tu, mke wangu. Moja. Nirushe, nirudi."

Nikamtazama. Neno liko kwenye ulimi. Sema, nikawa najiambia. Mwambie yuko hapa hapa, hata mashua haihitajiki.

Kabla sijafungua mdomo akapunga mkono, amekata tamaa mwenyewe. "Ah, hata hivyo haiwezekani. Nimetazama kipimajoto cha gatini. Maji yamekuwa kama ya kuogea mtoto. Maski ukimpigisha vita kwenye maji ya moto hivi hana pumzi. Hata ukimrudisha, anaelea tumbo juu. Baba mwenyewe alikuwa harushi kwenye joto hili. Ndizo siku pekee alizokaa nyumbani."

Akarudisha ufito nyuma ya kiti. Polepole, kama anamlaza mtoto.

Kwa hiyo sasa, hata kama ningesema, kumvua ni kumuua. Na mtoto wangu anaamini yule ni babu yake.

Tatizo langu likaota mapembe.

Kuna jambo dogo nililiona siku hizo, nikalipita. Duane kila jioni alikuwa anavua visamaki vya kukaanga. Vichwa na matumbo vinawekwa kwenye ndoo, na desturi ya nyumba ile tangu enzi za mzee ni kwamba vinafukiwa nyuma ya banda. Havitupwi ziwani hata kidogo.

Mwaka huu mama mkwe hakutaka mtu aguse ile ndoo. "Nipe mimi. Nyinyi mnafukia juujuu, mnaleta dubu."

Nikaona mama wa watu anapenda usafi.

Asubuhi ya Alhamisi nikaamka, nje ndiyo kwanza kunapambazuka. Nikanyoosha mkono kwenye kitanda cha Britta.

Baridi. Hakuna mtu.

Nilitoka mbio bila viatu. Umande, ukungu juu ya maji, na kule mwisho wa gati watu wawili wamekaa bega kwa bega. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Ndoo katikati.

"Kula, mzee," nikasikia sauti ya Mama Verna, sauti laini ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Kula, Orville. Leo nimekuletea vichwa vingi."

Na mwanangu, miguu imezama majini, kucha nyekundu zinang'aa: "Habari za asubuhi, Babu!"

Nikapiga kelele. "Brittaaa!"

Akashtuka. Akarusha miguu. Na kwenye maji yale vile vidole vyekundu vikameta kama visamaki vinavyokimbia.

Maji yakapasuka.

Nilichoona ni mgongo wa kijani, mkia mpana kama kasia, na mwanangu anavutwa mkono na bibi yake. Kisha kilio.

Nilifika nikaushika mguu. Vidole vyote vipo. Vyote, namshukuru Mungu. Juu ya kidole gumba kuna mistari myembamba ya damu, imepangana kama alama za kitana. Nikavua skafu ya kichwani nikaufunga. Mikono yangu inafanya kazi yenyewe kama tulivyofundishwa darasani.

Ansel huyo, amekuja na kaptura tu. Duane nyuma yake.

"Nini? Nini kimemuuma?"

Nikafumba macho nikalitoa. "Maski. Yuko chini ya gati. Nimemwona tangu Jumatatu."

Hakuna aliyekumbuka vyombo.

Ansel alinitazama kama hanijui. Halafu akageuka, akaenda kwenye pikapu. Alirudi na ufito wa baba yake, mshipi umeshafungwa chambo. Uso umekaza.

"Sawasawa kaka!" Duane akadakia. "Huyo ni wa kufa leo. Kaonja damu ya mtoto."

Mama Verna akasimama katikati ya gati. Mwanamke mfupi, gauni la kulalia, ndoo mkononi.

"Hapiti mtu."

"Mama, toka."

"Maji yana moto, Ansel. Utamuua."

"Amemuuma mwanangu!"

"Mimi ndiye niliyemleta!" Akaishika ndoo kwa mikono miwili. "Nimemlisha tangu mwezi wa tano nilipokuja kufungua nyumba. Kila alfajiri. Nimemzoesha mimi. Ukitaka kuua, anza na mimi."



Mapajani mwangu Britta akainua uso, makamasi na machozi. "Msimuue Babu. Hakukusudia."

Jamani. Duane alivua kofia yake akaiangalia ndani, kana kwamba kuna maandishi.

"Mama," Ansel akasema taratibu, "wewe ndiye uliyekataza hata jina lake. Unamchukia."

"Nilimchukia. Ndiyo. Aliniibia mume." Akaweka ndoo chini. "Lakini sasa nimebaki na nani mwingine aliyekuwa anaonana naye kila siku?"

Ansel akashusha ufito. Akanitazama mimi. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa amepotea.

"Wewe sema. Nimvue nisimvue? Nikimvua atakufa mbele ya mtoto. Nisipomvua, gati hili hakanyagi mtu. Sema, mama Britta."

Wote wakanigeukia. Mimi, mwanamke ambaye sijawahi kushika hata mshipi.

Nikaangalia kile chambo, ndoana zake zinaning'inia. Nikaangalia mwanangu anayelilia samaki.

"Kata ndoana," nikasema.

"Nini?"

"Zikate zote. Chambo kibaki uchi. Mrushie hivyohivyo. Nataka Britta amwone vizuri, mzima, toka mdomoni mpaka mkiani. Halafu ndoo hii isirudi tena hapa. Akikosa chakula ataondoka mwenyewe."

Duane akacheka kwa pua. "Shemeji, kuvua bila ndoana ni kama kula supu kwa uma."

"Duane," mama mkwe akasema, "kalete koleo."

Wakakata. Ndoana zikaanguka kwenye mbao, tii, tii. Nikasogea na mwanangu katikati ya gati, nikamshika kiunoni.

Ansel akarusha. Mbali, kule karibu na nyasi, kwa nguvu zote za wiki nzima ya kujizuia. Akavuta. Chambo kikaja kinachezacheza. Kikakaribia gati. Akakiinua, akarusha tena mbali zaidi. Akavuta. Akainua. Akarusha.

Hakuna kitu.

"Sawa na baba yako," Mama Verna akasema. "Sawasawa. Lete hapa."

"Mama, wewe?"

"Lete."

Bibi yule aliyevaa gauni la kulalia akashika ufito kama mtu anayeshika mwiko wake. Akarusha hapo karibu tu. Akavuta polepole. Chambo kilipofika miguuni pake, hakukiinua. Akachovya ncha ya ufito majini, akaanza kuandika namba nane ndani ya maji. Nane kubwa, pana, inalala. Akamaliza, akaiandika tena.

Na kutoka kivulini gogo likaamka.

Lilikuja kimya. Likafuata nane ile, kona kwa kona, mwili mrefu unajikunja kama utepe. Hapo hapo, chini ya vidole vya miguu vya mama yake, maski akafumbua mdomo wote, mweupe kwa ndani, akaking'ata chambo.

Akakaa nacho. Akatutazama. Akakitema.

"Ana meno!" Britta akapaza sauti.

"Eeh, mama. Ana meno mengi."

Britta akawaza. Akageuka akatutazama wote kama tumemdanganya.

"Basi huyo siyo Babu. Babu hakuwa na meno. Meno ya Babu yalikuwa kwenye glasi."

Duane ndiye aliyeanza. Kikatoka kicheko kama tairi linapasuka. Kisha mimi. Kisha Mama Verna, akicheka mpaka akakaa chini kwenye mbao, akicheka mpaka sikujua tena kama anacheka, na Ansel akapiga magoti akamkumbatia.

"Mama," akamuuliza, "umejifunza wapi hii?"

Mama Verna akajifuta kwa mkono wa gauni.

"Nilipoolewa nilikuwa naenda naye. Nakaa nyuma ya mashua nafuma soksi. Yeye macho yako kule mbali anakotaka kurusha. Mimi macho yangu yako hapa karibu. Nilikuwa nawaona, Ansel. Wanafuata chambo mpaka ubavuni mwa mashua, wanangoja. Baba yako anakiinua, anarusha tena. Kumbe alikuwa anamwacha hapo miguuni."

"Na hukumwambia?"

"Sikumwambia hata mara moja. Nikasema akimpata mmoja atataka wa pili, sitamwona tena. Nikanyamaza ili abaki nyumbani." Akanitazama mimi, siyo yeye. "Akazeeka mashuani, anatafuta. Ningesema, pengine angempata, akashiba, akarudi."

Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimenyamaza tangu Jumatatu. Yeye alikuwa amenyamaza ndoa nzima.

Ndoo ilifukiwa nyuma ya banda siku hiyo, na Duane ndiye aliyechimba. Ijumaa tulichungulia kati ya mbao, tukaona mchanga mtupu na kobe mmoja mwenye hasira zake. Jumamosi Britta aliogelea kutoka mikononi mwa baba yake mpaka mikononi mwangu, karibu na ufukwe, plasta kidoleni, anakunywa maji na kulalamika.

Ansel alikuwa anaita, "Mimi huyu, nitazame mimi!" Na kweli mtoto alikuwa anamtazama usoni.

Usiniulize kama ugonjwa umeisha. Mwezi wa kumi, maji yakipoa, tunarudi kuvua maski, safari hii na ndoana. Atakayeshika ufito ni Mama Verna. Ansel atakaa nyuma ya mashua. Anasema anajifunza kufuma.

Nilichobaki nacho ni hiki, hasa kwa kina mama wenzangu tunaowapenda waume zetu kwa wasiwasi. Ukiona kitu ambacho kinaweza kukunyang'anya mwenzio, mwambie. Kumficha hakumbakizi. Kunamfanya atafute mbali kile ambacho wewe unakiona hapo miguuni pake.

Juzi Britta kachora picha ya familia. Bibi ana ufito. Baba amesimama majini, macho yamefunguka, makubwa kama sahani.

Na chini ya gati, na meno yake yote, kuna mtu anatabasamu. Nikamuuliza ni nani.

"Siyo Babu," akasema. "Ni jirani yake."